Programu huria ni bure, kuijaribu si bure

Mhariri,

Makala yenu ya Jumanne kuhusu programu huria hospitalini, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo (maagizo yanayoziendesha), ilinifurahisha, ila iliposema kaunti zitaitumia bila gharama yoyote nikaona heri niandike.

Natengeneza programu hapa Eldoret, mji ambao OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika mwaka 2006. Msimbo wake unaguswa na watu wa nchi nyingi, wengi wao hawajawahi kuonana. Ili waaminiane kuna seva, kompyuta ya pamoja inayofikiwa kwa mtandao: ukituma badiliko, hata la mstari mmoja, inaiunda programu upya, inaipitisha kwenye majaribio na kukujibu kama kuna ulichoharibu.

Mwaka jana kijana ninayemfundisha kazi alirekebisha hesabu ya umri wa watoto kwa ajili ya ratiba ya chanjo. Kwenye kompyuta yake mambo yalikwenda sawa. Seva ikakataa. Yenyewe inafuata saa za UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa saba usiku alihesabika kazaliwa jana yake. Kijana alijua usiku uleule, akarekebisha, akatuma tena. Bila seva ile, kosa hilo lingemsubiri muuguzi mwenye foleni ya akina mama mlangoni.

Sasa, seva hizo analipia nani? Miradi huria mingi ilitegemea Travis CI, kampuni yenye seva za majaribio, iliyoipa huduma bure. Novemba 2020 masharti yakabadilika, na mwaka 2021 tovuti yake ya miradi huria ikafungwa. Watu wa kujitolea wakaacha shughuli zao kuhamisha majaribio, wengi wakienda GitHub Actions, huduma kama hiyo ambayo nayo ni mali ya kampuni, Microsoft. Siwalaumu wenye kampuni. Mashine ni zao na umeme wanalipa wao. Linaloniuma ni kwamba sisi tunatibia watu kwa programu hizi na hatuchangii chochote.

Kaunti zinapotenga fedha za kompyuta za zahanati, zitenge pia fungu la seva za majaribio, na vyuo vikuu vyetu viziwekee nafasi. Tena alipwe mtu wa kuandika majaribio yenyewe, maana seva haiijui ratiba ya chanjo ya Kenya mpaka mtu aiandikie. Kaunti itakayokuwa tayari, nitawafundisha vijana wake bila malipo.

Mtengenezaji programu,
Eldoret