YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBADILISHWA KWA TAA ZA NJE ZA GARI LANGU LA KAMBI KUWA ZA LED

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Umeme wa Magari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mmiliki wa Toyota Coaster ambayo familia yangu iliigeuza kuwa nyumba ya safari, yenye vitanda vinne, jiko la gesi na turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni. Mwishoni mwa mwezi Mei niliileta katika karakana yenu ili taa zake zote za nje zibadilishwe kuwa za LED: taa kubwa za mbele, indiketa, taa za nyuma na za breki, taa ndogo kumi za ukingo wa paa, pamoja na taa za chini ya turubai. Nililipa shilingi 1,480,000 kwa vifaa na ufundi, na risiti ya EFD ninayo. Sababu zangu zilikuwa za kawaida kwa mtu anayelala porini: balbu za zamani hukatika nyuzi ovyo kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi, na zile za turubai zilikuwa zikinyonya betri kila jioni. Uamuzi wa kutumia LED bado nauona sahihi. Ninacholalamikia ni ufundi.

Siku ya kukabidhi gari nilimweleza fundi wenu, naye akaandika kwenye hati ya kazi, kwamba Coaster hii ni ya volti 24, yaani ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Naomba mlikumbuke jambo hilo mnaposoma yanayofuata, kwa kuwa hasara kubwa kuliko zote imetokana na kulipuuza.

Nianze na indiketa. Nilipowasha ya kushoto nikiwa bado getini kwenu, iliwaka na kuzima kwa kasi ya ajabu, hata mjukuu wangu akashangilia akidhani tunajiunga na msafara wa harusi. Sababu yake kila fundi umeme anaijua: balbu iliyotolewa ilikuwa ya wati 21, LED inatumia wati chache tu, na flasha ya zamani, yaani kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima, ikiona umeme unaopita umepungua hudhani kuna balbu iliyoungua, hivyo huharakisha ili kumwonya dereva. Dawa ni kuweka flasha inayofaa LED. Fundi aliniomba nimpe nusu saa, akarudi akasema tatizo limekwisha, na kweli indiketa zikatulia.

Alichokifanya nilikigundua wiki mbili baadaye, nilipofungua taa ya nyuma ya kulia baada ya kunusa harufu ya plastiki inayoungua. Risista nne, yaani vipande vya kuzuia umeme, zilikuwa zimeunganishwa sambamba na taa ili kuidanganya flasha, kila moja ikila umeme ule ule uliokuwa ukiliwa na balbu ya zamani na kuugeuza wote kuwa joto. Na zile mbili za nyuma zilikuwa zimefungwa kwa vibanio vya plastiki juu ya plastiki ya taa yenyewe, badala ya kukazwa kwenye bati ambalo lingelisambaza joto hilo. Taa imeyeyuka na kuacha tundu la kupitisha kidole. Mbali na hatari ya moto, kuna jambo ambalo sidhani kama mlilifikiria: kwa kuwa risista huendelea kuvuta umeme hata LED ikifa, flasha haiwezi tena kuniarifu kwamba taa ya nje haiwaki. Onyo ambalo watengenezaji wa gari waliliweka kwa makusudi mmelizima, na nilizimiwa mimi dereva bila kuambiwa neno.

Jambo la turubai ndilo lililonigharimu zaidi. Mlifunga mkanda wa LED wa volti 12, wenye jumla ya wati 24, kwenye gari la volti 24. Njia halali zilikuwa mbili, na zote ni rahisi: kununua mkanda wa volti 24, ambao unauzwa, au kuweka kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12. Fundi alichagua ya tatu. Alivuta waya kutoka katikati ya betri mbili, hivyo taa zikawa zinakula betri moja huku ya pili ikipumzika. Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na mchoro wa namna hiyo ningeupiga mkasi katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mkanda huo huvuta ampia 2, na kwa saa tano za jioni moja hiyo ni ampia-saa 10 kutoka betri ile ile, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika hivyo jioni nyingi nyumbani kabla ya safari. Mwezi Juni tulipiga kambi kwa siku tatu kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola. Asubuhi ya nne injini haikuwaka. Tuliokolewa na lori la vitunguu lililokuwa likitoka mashambani, ambalo kwa bahati nalo ni la volti 24, na dereva wake alipoinama na kuona ule waya wa katikati alicheka kwanza kabla ya kutoa nyaya zake za kuchangia umeme. Niliporudi Arusha nilipima betri injini ikiwa inaunguruma: jumla ilikuwa volti 28.2, kama inavyotakiwa, lakini betri moja ilikuwa ikipokea 15.1 na nyingine 13.1. Alteneta inayochaji betri inaijua jumla tu. Haiwezi kujua kwamba moja imebaki nyuma. Matokeo yake ile iliyoshiba ilichemka hadi ikatoa harufu ya yai viza, na ile yenye njaa haikushiba kamwe. Nilizinunua zote mbili mpya mwezi Januari, na sasa hakuna hata moja inayofaa.

Mengine nayataja kwa ufupi. Taa za nyuma mliziwekea LED nyeupe ndani ya kava nyekundu, zikatoa rangi ya waridi iliyofifia, na breki inapokanyagwa tofauti yake na taa ya kawaida haionekani vizuri; askari wa usalama barabarani alitusimamisha Makuyuni kwa sababu hiyo, akatuacha kwa onyo. Kava nyekundu inahitaji LED nyekundu. Taa kubwa za mbele zinawapofusha madereva tunaopishana nao, kwa kuwa chembe za LED mlizoweka hazikai pale ulipokuwa uzi wa balbu ya halojeni, na kiakisi cha ndani kilipangwa kwa ajili ya uzi ule. Nilipoomba balbu zangu za zamani nizirudishe, niliambiwa zimetupwa. Taa ndogo za paa zina alama ya IP67, yaani ya kuzuia vumbi na maji, na zenyewe hazijaingia maji; yaliyoingia yamepita kwenye matundu mliyotoboa nyuma yake bila kuyaziba, na plaiwudi ya dari juu ya kitanda cha watoto imevimba.

Nilipiga simu mara mbili. Mara ya pili mhudumu wenu alinijibu kwamba dhamana haihusu vitu vya umeme, jibu la kushangaza kutoka kwa kampuni ambayo haifanyi kazi nyingine.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie gharama yote ya ufundi, mnilipe thamani ya betri mbili na ya taa ya nyuma iliyoyeyuka, na mtengeneze dari. Ninaomba pia risista zote ziondolewe na flasha ya LED iwekwe, waya wa katikati ya betri ukatwe, taa za nyuma na za breki ziwe nyekundu, na taa za mbele zirudishiwe balbu za halojeni za volti 24. Sitaki kazi hiyo ifanywe na fundi yule yule, na nitapenda kuwepo inapofanyika. Picha, vipimo vya betri, nakala ya hati ya kazi yenye maandishi "volti 24" na nakala ya risiti nimeviambatanisha na barua hii.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa sasa gari limeegeshwa uani kwangu, nyaya za betri zikiwa zimefunguliwa, na fundi mtakayemtuma anaweza kuja kulikagua siku yoyote ya juma baada ya saa tatu asubuhi.

Wenu mteja,

Mmiliki wa Coaster ya kambi,
Arusha.