Defenda kuzunguka tu haitoshi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo tu. Kila wizi ukizidi mtaani utasikia watu wanasema doria ziongezwe, defenda zipite kila saa, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga hizo kelele mpaka nikaja kusoma kuhusu Kansas City huko Marekani. Mwaka 1972 polisi wa kule walichukua maeneo 15 wakayagawa mafungu matatu, fungu moja wakatoa doria kabisa yani wanakuja wakiitwa tu, lingine wakaacha kama kawaida, la tatu wakaongeza magari mara mbili mpaka tatu. Mwaka mzima. Uhalifu haukupishana kivile, na wananchi wenyewe wala hawakustuka kwamba kuna kitu kimebadilika!

Sasa sisemi polisi walale kituoni, msinielewe vibaya. Baadae huko Minneapolis watafiti wakapekua rekodi za simu ambazo watu waliwapigia polisi mwaka mzima wakakuta nusu ya simu zote zinatoka kwenye asilimia kama 3 tu ya anwani za mji. Tatizo halijasambaa, limekaa sehemu chache. Kwetu pia tunazijua, kile kichochoro nyuma ya stendi, kile kidaraja kisicho na taa, muulize bodaboda yeyote atakutajia bila kufikiria. Basi askari wawili washuke kwenye gari wasimame pale robo saa hivi, waondoke, warudi tena saa wasiyotegemewa. Na hiyo taa ya kidaraja nayo iwekwe jamani.

Msomaji wenu, Dar es Salaam