Grand Prix haikuzaliwa Silverstone

Kwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu langalanga ilinifurahisha hadi nilipofika pale mlipoandika kwamba mbio za Grand Prix zilianzia Silverstone, Uingereza, mwaka 1950. Kilichoanza Silverstone tarehe 13 Mei mwaka huo ni ubingwa wa dunia wa madereva. Grand Prix ilikuwa na miaka 44 tayari, na kwao ni Ufaransa.

Ilitokana na ugomvi. Tangu 1900 mbio kubwa za kimataifa zilikuwa za Kombe la Gordon Bennett, lililotolewa na mmiliki wa gazeti la New York Herald. Kila nchi iliruhusiwa magari matatu tu. Ufaransa, iliyojaa viwanda vya magari, ikawa inawachuja watu wake wenyewe ili ipate watatu, huku nchi yenye kiwanda kimoja au viwili ikipewa nafasi zilezile. Wafaransa waliona ni dhuluma. Mwaka 1906 klabu yao, Automobile Club de France, ikaachana na kombe hilo na kuandaa mbio zake: magari matatu kwa kila kiwanda, si kwa kila nchi.

Mbio za mji hadi mji nazo zilikuwa zimeshakwisha. Mwaka 1903, katika mbio za Paris kwenda Madrid, vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba serikali ilizisimamisha zilipofika Bordeaux, zikiwa bado Ufaransa. Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya magari ya Renault, alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Ndipo zikaja mbio hizo mpya za klabu, Grand Prix ya kwanza, karibu na mji wa Le Mans, Ufaransa, tarehe 26 na 27 Juni 1906. Mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 103, ukakimbiwa mara sita kila siku, jumla kilomita 1,238. Jua lilikuwa kali, lami ikayeyuka na kuwarukia madereva machoni pamoja na kokoto. Tairi zilipasuka ovyo, na aliyeruhusiwa kuligusa gari ni dereva na makanika aliyeketi kando yake, basi. Walizikata kwa visu na kuvalisha mpya kwa nguvu za mikono. Waliokuwa na rimu za Michelin za kufungua kwa nati walibadilisha tairi kwa dakika chache tu. Rimu hizo ziliongeza uzito, na gari halikutakiwa kuzidi kilo 1,000, kwa hiyo si kila timu iliyoweza kuzitumia.

Usiku magari yalifungiwa chini ya ulinzi. Asubuhi kila gari liliondoka kwa saa inayolingana na muda liliotumia jana yake: Ferenc Szisz wa Renault, aliyetumia saa tano na dakika 45, aliondoka saa 11:45 alfajiri, yaani 5:45 kwa saa ya Kizungu. Kwa hiyo aliyekuwa mbele barabarani ndiye aliyekuwa akiongoza kweli. Napenda sana utaratibu huo. Mtazamaji wa kando ya barabara hakuhitaji karatasi wala hesabu.

Szisz, Mhangaria aliyewahi kuwa makanika wa Louis Renault kwenye mbio, alishinda akiwa na makanika wake, Marteau. Alimwacha Felice Nazzaro wa Fiat kwa zaidi ya nusu saa. Magari 32 yalianza, 11 yakamaliza.

Miaka ya baadaye klabu hiyo ya Ufaransa iligeuza hesabu, ikaziita Grand Prix hata mbio za kuanzia 1895, na zile za 1906 zikawa za tisa. Sikubaliani nayo. Mbio za zamani zilistahili heshima kwa jina lao, na kuzibatiza upya kunamnyang'anya Szisz nafasi yake ya kwanza.

Naomba mchapishe sahihisho, na Szisz na Marteau watajwe humo wote wawili.

Mpenzi wa mbio za magari,
Nakuru