Jumamosi tukutane Feri
Habari za jioni wapendwa. Kundi letu la picha limepoa. Picha zinatumwa na hakuna anayesema neno, na mimi inaniuma. Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane soko la samaki Feri, jua likichomoza upande wa Kigamboni na magamba yanametameta mezani. Simu inatosha kabisa. Kila mtu apige picha 24 tu, kama enzi za filamu, asifute hata moja, jioni atume 3 hapa. Ukitazama ya mwenzako, taja kilichokuvuta, usiishie "nzuri". Tuwaombe watu ruhusa kwanza, tafadhali. Nitasafisha picha chache tuwapelekee; yule mama wa samaki wa kukaanga tuliyempiga picha mwezi uliopita bado anaulizia yake.