YAH: Nyaya za nitinoli za madirisha ya vitalu nyumba zinazoharibiwa na maelekezo yenu

Mafundi wa vitalu nyumba,
Uyole, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Mlituuzia nyaya 24 za nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayorudia umbo lake ikipata joto, kipenyo milimita 0.5, urefu milimita 600, za kufungulia madirisha ya vitalu vya nyanya na hoho hapa Uyole na Tukuyu. Kumi na saba zimelegea na hazirudi tena, nne zimekatika. Aloi yenyewe hatuilaumu. Tunalalamikia kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi, hasa agizo hili: dirisha lisipofunguka, kaza skrubu hadi lifunguke.

Tuanze na sababu ya dirisha kutofunguka. Boksi linasema waya hujivuta na kufungua dirisha ukifika nyuzi joto 30. Hicho ni kipimo cha waya usio na mzigo. Aloi hii ikibebeshwa, joto lake la kugeuka hupanda, kwa makadirio nyuzi 1 kwa kila megapaskali 7 (megapaskali ni nyutoni moja kwa milimita ya mraba). Wenzo wenu unauvuta waya kwa kilo 3, yaani nyutoni 29 kwenye eneo la milimita za mraba 0.196, karibu megapaskali 150. Hapo zimeongezeka nyuzi 21, na waya haumalizi kujivuta mpaka zifike 51. Nyanya haisubiri huko. Joto likipita 35 maua huanza kupukutika.

Basi mkulima anakuta dirisha limefungwa saa saba mchana, anachukua bisibisi na kutii karatasi yenu. Kukaza kunaongeza mzigo, na mzigo unapandisha tena joto la kufungulia, kwa hiyo anakaza zaidi. Usiku waya ukipoa na kurudi kwenye hali ya matensaiti, yaani hali yake laini ya baridi, unavutwa kupita kiasi. Katika hali hiyo fuwele zimekaa kwa mielekeo tofauti, na mvuto unazigeuza zifuate upande mmoja bila atomu kuachana na jirani zake. Urefu unaopatikana hivyo joto linaurudisha. Kikomo chake ni takriban asilimia 8, tena kwa kuvuta mara moja au chache tu. Fuwele zikishamaliza kugeuka, tabaka za atomu huanza kuteleza, na kilichoteleza hakirudi hata uchemshe waya kutwa nzima. Kwa kazi ya kila siku, miezi na miaka, mwenye busara hubaki chini ya asilimia 4.

Ninyi mmepanga mwendo wa milimita 48 kwenye waya wa 600. Ni asilimia 8 kamili, kila siku. Skrubu ni ya M8, kila mzunguko inasogea milimita 1.25, mizunguko mitano inaongeza milimita 6.25, na waya umeshapita asilimia 9. Nyaya zilizolegea tulizitumbukiza bila mzigo kwenye maji ya nyuzi 80, ili kila kinachoweza kurudi kirudi, kisha tukazipima: milimita 606 hadi 611. Hizo za ziada ndizo zilizoteleza.

Nne zilizokatika zimekatikia mahali pamoja, kwenye pini ya milimita 3 ya kibanio. Gawanya kipenyo cha waya kwa jumla ya kipenyo cha pini na cha waya: 0.5 kwa 3.5, ngozi ya nje imevutwa asilimia 14. Pini ya milimita 16 ingeishusha hadi 3, na bei ya chuma hicho haifiki ya soda.

Lipo pia agizo la kuchoma waya uliolegea kwa moto wa gesi hadi uwe mwekundu. Lifuteni leo. Moto huo unaifuta kumbukumbu ya zamani, unaufundisha waya urefu wake mbovu, na kuulainisha hivi kwamba unateleza mapema zaidi.

Tunataka fedha za nyaya 21 zirudishwe, na wateja wengine wapelekewe maelekezo mapya yenye joto lililopimwa chini ya mzigo. Msitutumie waya uleule wenye lebo mpya. Aloi hii ya kawaida hufunga kwa joto la chini sana kuliko linaloifungua, pengo la nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo kwenye baridi ya Julai huku kwetu dirisha lingefunga usiku mwingi mimea imeshapigwa. Kinachofaa ni springi ya nitinoli inayofanya kazi katika awamu ya R, hali ya kati ambayo fuwele hupitia kabla ya matensaiti: pengo lake ni nyuzi chache tu. Mvutiko wake hauzidi asilimia 1, lakini mizunguko ya springi ndiyo inayoukuza mwendo. Kama hamna, semeni, tutarudi kwenye silinda za nta, ambayo ikipata joto hutanuka na kusukuma dirisha.

Vipande vya nyaya zilizokatika vimo ndani ya bahasha hii, kila kimoja na lebo ya kitalu kilikotoka.

Wenu,
Mafundi wa vitalu nyumba, Uyole