Safari ya farasi msituni: someni leo
Wapendwa, habari za jioni. Njia ya mlimani ina mawe na mizizi mingi, kwa hiyo tutakwenda mwendo wa kutembea tu, kama kilomita 6 kwa saa au chini ya hapo.

Naomba kila mtu anitumie uzito wake faraghani. Farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90, mpandaji, tandiko na mizigo vyote pamoja. Tafadhali msione haya. Mgongo wa farasi ndio utakaoumia.

Viatu viwe na kisigino, mguu usije ukapenya kwenye kikuku, yaani pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko. Kofia ngumu ni lazima. Baada ya dakika 10 hivi tutasimama kukaza mikanda ya tumbo, maana farasi wengine hujaza pumzi wakitandikwa, kisha mkanda hulegea.