Usiitupe hiyo TV ya chogo

Kaka Sudi,

Salamu nyingi. Natumaini shemeji na watoto wazima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unalalamika nikikaa chini zaidi ya nusu saa. Ndiyo, kukaa chini kulekule unakokujua. Uzee haupigi hodi, ndugu yangu.

Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Dula, na kosa ni langu, nimelibeba. Tutalizungumza siku nyingine. Leo nina haraka, kwa sababu jana Dula huyohuyo kanipigia na katikati ya stori zake akadokeza kwamba unasafisha stoo na unataka kuitupa ile TV ya chogo. Nilimkata maneno hapohapo. Sudi, usiitupe. Kama umeshaitoa nje, irudishe ndani kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita nimepata bunduki. Ya gemu, usishtuke. Nimepata na kaseti ya Duck Hunt, ile gemu ya Nintendo ya kuwinda bata, na mashine yenyewe bado inawaka. Nikafunga kila kitu kwenye TV ya ukutani, nikasimama kama askari. Bata wakaruka. Nikapiga, hakuna. Nikapiga tena, hakuna. Nikasogea mpaka nikagusisha mtutu na kioo, bata nimemkaba kabisa, nikapiga. Hakuna. Yule mbwa akainuka kwenye nyasi akaanza kunicheka, unamjua alivyo, anaziba mdomo kwa mkono. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, naye akaungana na mbwa.

Sasa wewe unanijua, kitu kikinishinda silali. Nikachimba. Kumbe bunduki ile hairushi chochote! Sisi miaka yote tuliamini kuna mwale unatoka pale, na Dula aliapa kwamba aliuona kwa macho yake. Ukweli ni kinyume: bunduki ni jicho. Ukivuta kifyatulio, gemu inaifanya skrini nzima iwe nyeusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata inachora kiboksi cheupe. Bunduki inatazama tu. Ikiona giza kisha mwanga, bata amekwisha. Hilo giza la mwanzo ndilo linalowazuia wajanja wanaoelekeza bunduki kwenye balbu. Unamkumbuka mjanja aliyekuwa akiipiga taa ya darini kutwa nzima?

Na yote hayo yanaisha kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijafika. TV ya chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kadiri mawimbi yanavyoingia, kwa hiyo kiboksi kinatokea wakati uleule bunduki inapokitarajia. Hizi za flati zinaipokea picha kwanza, zinaitafuna, ndipo zinaionyesha. Bunduki haisubiri. Ikifika zamu ya kiboksi, jicho limeshafumbwa. Ndiyo maana nakuomba hiyo TV. Siitaki kwa urembo.

Katika kuchimbachimba huko nikakutana na jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatisha. Duck Hunt, ule mchezo wa bata mmoja mmoja: mtu mwingine akishika pedi, ile ya vitufe, anaweza kumwendesha bata. Kushoto, kulia, juu, chini. Si kasoro wala uchawi, waliiweka hivyo tangu gemu ilipotoka 1984.

Naomba turudi nyuma pamoja. Nani alikuwa akikaa pembeni yangu kila zamu yangu inapofika, ameikumbatia pedi mapajani? Nani alisema, nakumbuka maneno yenyewe, "naishika tu isivutwe na waya"? Bata wangu walikuwa wakikaribia mtutu wanakata kona kama wamesomeshwa. Bata wako walikuwa wanapaa wima kama puto lililomponyoka mtoto. Mimi nikaenda kupimwa macho, Sudi. Nilipimwa macho! Daktari akasema yako sawa, mama akasema basi ni uvivu.

Nitalirudia hili.

Dula ananiambia nimekuwa mzee wa "enzi zetu", eti gemu za siku hizi nazichukia. Si kweli, na nataka ulijue hili kutoka kwangu. Gemu za zamani nyingi zilikuwa za dhuluma. Chukua Battletoads ya 1991, ile steji ya tatu ya pikipiki. Ukuta unatokea mbele yako kabla hujavuta pumzi, unajigonga, unaanza upya, na nadhani hapo tu ndipo nilipojifunza kutukana kimoyomoyo. Au Ghosts 'n Goblins: unahangaika, unafika mwisho, unampiga bosi, kisha gemu inakwambia ule ulikuwa mtego wa shetani, rudi mwanzo uicheze yote mara ya pili ndipo uone mwisho wa kweli. Huo si ugumu, ni ukorofi. Gemu ilikuwa fupi, wakairefusha kwa kututesa. Ungeitoa leo ungeandamwa.

Hata wenyewe walikuwa wanashindwa. Ile juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A tuliyoibonyeza kwenye Contra tupate maisha 30, ilianzia kwenye Gradius ya 1986. Aliyeiweka ni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, kwa sababu alitakiwa kuijaribu gemu na ikawa inamshinda. Mtengenezaji! Sisi tukawa tunajiona wezi, kumbe tumerithi fimbo ya mwenye nyumba.

Na kupuliza kaseti. Nina habari mbaya. Mapafu yetu hayakufanya kazi yoyote. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha tu, meno yakagusana vizuri, na ule unyevu wa mdomo ulikuwa unayalisha kutu. Kwa hiyo wewe na lile pumzi lako la tarumbeta ndio mlioiua ile Contra. Ongeza kwenye orodha.

Lakini bwana, ufundi ulikuwepo. Super Mario Bros., levo 32, imekaa ndani ya kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya simu uliyonitumia ya mtoto analia inazimeza Mario kadhaa na nafasi inabaki. Ndiyo maana mawingu na vichaka ni mchoro uleule, wamebadilisha rangi tu. Nimecheza miaka mingapi sijaona? Nilipoonyeshwa sikuamini, nikasogeza uso mpaka kwenye kioo. Wingu jeupe juu, wingu la kijani chini. Au ukungu wa Silent Hill, 1999. Sisi tuliogopa mpaka tukawa tunacheza mchana na mlango wazi, kumbe ukungu uliwekwa kwa sababu mashine haikuweza kuchora mtaa kwa mbali. Umaskini wa mashine ukatuzalishia hofu. Leo mashine zinachora kila jani na siogopi kitu.

Hapana, hapo nimezidisha. Kuna za sasa nazisujudia. Elden Ring nilianza nikaacha mara mbili, ya tatu ikaninasa, na nikifa najua nilipokosea: nilikuwa na tamaa, nilitaka kupiga pigo moja la ziada. Battletoads haikuwahi kunipa heshima hiyo. Baldur's Gate 3 niliiogopa kwa maneno yake mengi, sasa nina saa zisizotajika mbele ya mke wangu. Ndani yake unaweza kuongea na wanyama, unaweza hata kumhoji maiti. Nimepoteza jioni nzima nikipiga soga na ng'ombe. Na Stardew Valley, ile ya kulima: mtu mmoja, Eric Barone, alichora, akaandika programu na akatunga muziki wote peke yake zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016. Shemeji yako haipendi gemu hata moja duniani lakini shamba lake la humo ni safi kuliko langu, na ananisimanga kwa hilo.

Kinachonikera siku hizi si grafiki wala ugumu. Ni kwamba ukinunua kitu hukipati. Nina diski moja ya mbio za magari, sitaitaja. Nilinunua, nikacheza, nikaiweka kabatini kama tulivyokuwa tukiweka kaseti. Mwaka huu nikaiingiza. Inaunguruma, inaonyesha nembo, inatafuta seva, yaani kompyuta ya kampuni huko mtandaoni, haiioni, inanirudisha mwanzo. Seva imezimwa. Ile gemu ilikuwa na kipengele cha kucheza peke yako na hicho nacho kimekufa. Diski nzima, haina hata mkwaruzo, sasa naitumia kujitazama nikinyoa ndevu.

Wala si mimi peke yangu. The Crew ilitoka 2014, seva zikafungwa 2024, wote waliokuwa nayo wakabaki na kifuniko. Hiyo ndiyo iliyowasha moto Ulaya, watu wakakusanya saini zaidi ya milioni moja wakidai gemu zisiuawe hivyo. Concord haikufika hata huko: ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na tarehe 6 Septemba ikazimwa, angalau wale walirudishiwa hela zao. Wiki mbili, Sudi! Sisi kaseti ya kuazima tulikuwa tunakaa nayo muda mrefu zaidi ya huo, mwenyewe akija tunajificha.

Ndiyo maana narudi kwenye TV yako. Duck Hunt nayo imekufa nyumbani kwangu, lakini dawa yake iko stoo kwako, nzito kama jiwe la kusagia, na naweza kuja kuibeba. Seva ya watu nitaibebea wapi?

Halafu hizi gemu za zamani hazijaisha hata kidogo, ndicho kinachonishangaza. Tetris ya Nintendo tulikuwa tunaambiana ikifika levo ya 29 basi, vipande vinashuka kwa kasi ambayo vidole havifuati. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kaipeleka mpaka levo ya 157, gemu ikaganda. Yeye alikuwa bado anataka. Nilitazama ile video mara mbili, ya pili nikiwa nimetazama mikono yake tu. Hashiki pedi kama sisi. Kidole kimoja kinagusa kitufe juu, vingine vinagonga mgongo wa pedi kutoka chini kama anapiga ngoma. Nimejaribu. Pedi iliniruka ikaangukia kwenye chai.

Kwa hiyo hata suala la pedi naona wote tulikuwa hatujui kushika, isipokuwa wewe ulijua kushika yangu… tuache. Hapana, tusiache. Unakumbuka Psycho Mantis kwenye Metal Gear Solid, yule bosi aliyekuwa anasoma memori kadi yako na kukutajia gemu unazocheza, kisha anakwepa kila risasi? Dawa ilikuwa kuchomoa pedi na kuichomeka tundu la pili, asisome mawazo yako. Nilikaa naye siku nne. Wewe ulikuja, ukachomoa, ukachomeka, ukampiga, ukaenda zako bila neno. Nikakuona fundi. Leo ndiyo naelewa ulikotoa utaalamu wa mambo ya pedi na matundu.

Sasa nijibu. TV bado inawaka au inatoa mlio tu? Rangi zipo, au ule upande uliowekewa spika bado una doa la kijani? Rimoti ipo, au bado tunatumia kijiti? Matundu ya nyaya za njano na nyeupe ni mazima? Na Dula ana haki gani juu ya hiyo TV mpaka awe anakushauri uitupe, au anaogopa nikija na bunduki itajulikana hakuna mwale wowote aliouona? Mtoto wako mkubwa anacheza nini siku hizi, bado yuko kwenye Minecraft au ameshahama? Umewahi kuigusa Elden Ring, au bado unasema huna muda huku kila usiku wa manane uko hewani?

Na hili la mwisho ulijibu kwa maandishi, nataka nilitunze: ulikuwa unaendesha wale bata, ndiyo au hapana? Miaka mingapi? Dula alikuwa anajua?

Jumamosi nina gari la kuazima mpaka saa kumi jioni. Nikija, tuifunge hapohapo kwako kwanza tuijaribu. Bunduki utashika wewe.

Wako,
Hamisi

Nyongeza: mtu wa vyuma chakavu akija kabla yangu, mpe friji.